Mitaro Niliyoichimba kwa Kalamu

Jumatatu, 8 Machi 1909
Akida Salehe kaniita asubuhi. Masika yanakaribia. Amri: kila kaya ya bondeni ichimbe mtaro nyuma ya nyumba, ipandishe nafaka kwenye uchaga, na ijue njia ya kukimbilia juu mlima ukiporomoka. Mimi, karani wake, nipite nyumba zote thelathini, nihimize, kisha niandike zilizo tayari. Siku tatu. Jua kali, njia zote za kupanda. Nimepata wazo.

Jumanne, 9 Machi
Nimekaa barazani kwa jirani yangu Kibwana, nikanywa togwa, nikaandika nyumba zote thelathini. Zote tayari, yetu ikiwemo. Ili taarifa ifanane na kweli nikatia kasoro moja: mtaro wa Mwanaheri ni mfupi kidogo. Mara Bi Mwanaheri mwenyewe, mjane wa mpagazi, akapita na jembe begani. Nikamwamkia shikamoo, nikamsifia mtaro wake.
"Sijauchimba bado, Karani," akasema. "Ndiyo kwanza naenda."
Togwa ikanipalia.

Alhamisi, 11 Machi
Akida kasoma, kafurahi kupita kiasi. Sasa anataka kuja Jumamosi aone kwa macho yake. Nimekimbilia nyumba tatu za mwanzo kuwasihi wachimbe. Walishachimba. Wameniambia Bi Mwanaheri anapita mlango kwa mlango tangu juzi, anawasimulia jinsi udongo ulivyomfunika dada yake. Nikamfuata, nikalalamika kwamba ananiibia kazi. Akajibu, bila kuinua kichwa, kuwa kazi isiyofanywa haiibiki.
Nyumba za mbali sina hakika nazo. Nitasema njia ya huko ina nyuki wakali.

Jumamosi, 13 Machi
Nimesema kuna nyuki. Akida akasema baba yake alikuwa mrina asali, akatangulia mbele.
Kila nyumba aliyoingia ina mtaro. Nafaka juu. Hata mabibi vikongwe walijua njia ya kukimbilia. Akida akanishika bega mbele ya watu, akasema hajapata kuwa na karani kama mimi. Bi Mwanaheri alikuwa pale, tope mpaka magotini. Akanitazama, akingoja niseme neno.
Nikasema, "Ahsante, Bwana Akida."
Mvua ikaanza, tukarudi kabla ya kufika kwetu. Nashukuru. Kwetu hakuna mtaro.

Jumatano, 17 Machi
Siku nne za mvua. Leo adhuhuri mlima umeteremka. Mimi nilikuwa kwa Akida, nanakili taarifa kwa mwandiko mzuri zaidi ipelekwe bomani.
Watu wote wa bondeni walipanda juu kwa njia waliyofundishwa. Maji na udongo vikapita mitaroni. Nyumba moja tu imeanguka, yetu. Mama yangu alikuwa ndani na homa. Bi Mwanaheri na Kibwana walirudi kumtoa, tope likiwafika kiunoni, ukuta ukaanguka nyuma yao.
Nimeuliza kwa nini hawakutukumbusha nasi. Bi Mwanaheri akasema alikuja siku ileile ya Jumanne. Mama alimwambia asijisumbue, mwanawe kamwambia ameshaandika kwamba yetu iko tayari.
Mama amelazwa kwa Bi Mwanaheri. Hakunigombeza. Alisema tu, "Stambuli, nimekuzaa mimi, lakini leo nimebebwa na watoto wa wenzangu."
Nimekaa nje kwenye mvua. Sikuweza kuingia.

Ijumaa, 19 Machi
Nimemwapia Mama kwamba nitasema kweli. Baada ya sala ya Ijumaa nimekwenda kwa Akida, maneno nimeyapanga njia nzima. Kabla sijafungua kinywa akanipa pole ya nyumba, akasema bonde zima limeokoka kwa juhudi zangu. Kwa hiyo nahamishiwa bonde la pili, nikawaandae watu wa huko. Mdomo ulifunguka. Kilichotoka ni ahsante.
Nimerudi. Mama akauliza kama nimesema kweli. Nikamjibu nimeisema yote. Akalia kwa furaha, akanimegea ndizi yake ya kuchoma. Bi Mwanaheri akageukia moto. Nimeila ndizi. Sikuweza kumtazama yeyote.
Bonde la pili lina nyumba arobaini na mbili, na mvua haijakatika. Kesho nitaanza mapema. Nadhani nikipita kumi, nyingine zitakuwa vivyo hivyo.