Sufuria Isiyoachwa Ikauke

Jumanne, 10 Juni 2025
Ugane umenichosha. Nimeamua kuoa. Bi Esteri, muuguzi mstaafu wa hapa Kasulu, ametamka mbele ya kwaya nzima kwamba hataolewa tena na mwanamume wa kukaa sebuleni akisubiri sahani. Longinus, bwana shamba mstaafu, alijigamba kwamba yeye huchoma mbuzi mwenyewe. Kuchoma mbuzi! Hata moto wa nyika huchoma mbuzi.

Mimi nitapika rendangi, nyama ya ng'ombe ya Waindonesia. Huchemka polepole katika tui la nazi mpaka tui likauke kabisa na nyama ikaangike katika mafuta ya tui lenyewe. Binti yangu amenitumia maelezo kwa simu. Bi Esteri atakuja kula Jumapili.

Jumatano, 11 Juni
Huku kuna michikichi, si minazi. Nazi nimezipata sokoni, zimeletwa kwa basi kutoka pwani. Nimezikuna mwenyewe, pamoja na kidole. Jirani yangu Josepha aliniuliza, Mwalimu anapika nini? Nilijibu kwamba ni siri, maana atakachojua yeye asubuhi, Longinus atakijua mchana. Alisema haya, basi atakuwa ananiangalizia jiko.

Alhamisi, 12 Juni
Jaribio la kwanza. Mchaichai, tangawizi, pilipili, subira. Tui likapungua, mafuta yakaanza kujitenga. Fahari! Nikatoka kuleta kuni. Niliporudi, sufuria ilikuwa imejaa maji hadi ukingoni. Josepha amesimama na kata mkononi, anahema. Alisema Mungu ashukuriwe, alisikia harufu ya kuungua akaruka ua.

Mtaa huu, sufuria inayoungua ni ya kila mtu. Anayepita bila kuitia maji husemwa mwaka mzima. Nilimshukuru, meno yakiwa yamekazana.

Jumamosi, 14 Juni
Jaribio la pili. Longinus alibisha hodi mbele, eti kunijulia hali. Nilipokuwa namfukuza kwa adabu, Apoline, mkwe wa Josepha, alimimina jagi zima la maji sufuriani kupitia dirisha. Alisema mama mkwe amekwenda sokoni na kumwachia zamu.

Zamu!

Nilifoka kwamba chakula hiki hukaushwa makusudi. Aliuliza kwa upole, sasa Mwalimu si ungetuambia tu? Nilimjibu kwamba mpishi hatangazi mapishi yake. Kosa ni la mlango na dirisha. Nimenunua kufuli na misumari.

Jumapili, 15 Juni
Sikwenda kanisani. Dirisha nimelipigilia misumari. Mchana nyama ilifikia wakati wake: nyeusi, inang'aa, inanukia. Nikafunga mlango wa jiko kwa kufuli, nikaenda kuvaa koti.

Kishindo!

Mlango ulikuwa umelala chini. Longinus, aliyemsindikiza Bi Esteri kutoka misani, alikuwa ndani ya mvuke na ndoo tupu, kiganja kinavuja damu. Josepha alipiga vigelegele. Bi Esteri alikishika kiganja kile, akakifunga kwa kitambaa changu cha meza. Kitambaa kipya! Kisha akanigeukia: Mwalimu, ungesema tu, tungekaa wote tukailinda sufuria.

Tulikula mchuzi mwepesi kwa ugali wa muhogo. Longinus alilishwa.

Jumatatu, 16 Juni
Bi Esteri ameonekana kwa Longinus, akila mbuzi.

Nimetafakari kwa kina, na kosa nimeliona: mlango ulikuwa wa mbao. Fundi anakuja kesho kupima wa chuma. Bi Immakulata, dada yake Bi Esteri aliye mjane, atawasili Julai kutoka Kibondo.

Josepha ameuliza mlango wa chuma ni wa nini. Nimemjibu kwamba ni siri.

Amesema haya, atamwambia Longinus atafute nyundo.