Kepher na Injini ya Kushoto

Sogeeni, enyi wachuma majani wa Mogogosiek, tueni vikapu chini, na aliye na kikombe mkononi anywe polepole, maana habari hii ni ya Kepher mwana wa ziwa, mshika spana asiyetetereka, na jinsi alivyolivuka bwawa la shamba la chai mwaka wa tisini na nne.

Majeshi ya magugu yalikuwa yamelivamia bwawa na kuziba bomba la maji ya kiwanda. Nyapara Kipngetich, bwana wa filimbi na daftari, akatoa amri: mashua ya shamba, ambayo Kepher alikuwa ameifungia injini ya mtumba, iyafikie magugu kabla Jumamosi haijaisha, ama Kepher aweke spana chini arudi kuchuma majani.

Jumamosi asubuhi, mbele ya umati, Kepher akavuta kamba. Injini ikanguruma hata ng'ombe wa ng'ambo wakainua vichwa. Akatia gia ya mbele kwa fahari ya jemadari, na mashua ikarudi nyuma, ikaparamia ukingo, ikamkalisha shujaa matopeni.

"Kepher," akasema Kipngetich kwa upole uliouma kuliko tusi, "huko kwenu samaki mnawafuata kinyumenyume?"

Kicheko kikavuka bwawa kabla ya mashua. Kepher aliikazia macho injini ile ya mtumba hadi akaielewa: haikuundwa kukaa peke yake. Ilikuwa pacha wa kushoto, ya kuzunguka kinyume cha mwenzake kwenye mashua ya injini mbili, zisije zikaivuta upande mmoja. Ilikuja na pangaboi lake la kusukuma maji, lakini Kepher, ambaye tangu utoto hakuona injini isiyozunguka kulia, aliona mabawa yale yamepinda visivyo, akalihukumu kuwa bovu, akafunga alilotoka nalo nyumbani, la kuzunguka kulia, ndilo lililoisukuma mashua nyuma. Lile la haki alilitoa sadaka kanisani, likatundikwa, likawa kengele.

Basi akapanda kilima kumkabili Yunia, mlinzi wa kengele, ngome isiyowahi kutekwa.

"Ewe Mama Yunia, mwamshaji wa waumini, nilikupa chuma nikidhani hakina kazi. Nirudishie, la sivyo Jumatatu utaniona na kikapu mgongoni."

"Sadaka hairudi, mwanangu. Na kesho watu nitawaita kwa kitu gani? Kwa kikohozi?"

Kepher akainua spana juu, akaapa: "Kesho saa tatu, injini yenyewe itawaita."

Yunia akaenda kumshikia ngazi aitungue kengele.

Saa kumi jioni pangaboi lilikuwa limerudi mahali pake. Gia ya mbele ikaingia, na mashua, ee wasikilizaji, ikaenda mbele. Usukani ulimvuta upande asiouzoea. Akaukaza kwa mikono miwili, hatua mia mbili za maji, mpaka akatumbukia kwenye magugu kifua mbele. Kipngetich akalamba ncha ya penseli, akaandika daftarini maneno mawili: Imekwenda mbele.

Jumapili saa tatu kamili bwawa likanguruma, kanisa likajaa kuliko Krismasi, nyapara akiwa kwenye kiti cha mbele. Na hadi leo, ukiuliza umri wa mtu pale Mogogosiek, utaambiwa alizaliwa kabla mashua haijakubali kwenda mbele, au baadaye.