Bursi na Viti vya Mama Rosalie

Jumatatu, 2 Septemba 1985
Nimekubaliwa chuo kikuu, Lubumbashi. Nauli, chakula, vitabu, vyote vinangoja bursi ya serikali, nayo hupewa watoto wa maskini tu. Papa Évariste, karani wa biro ya bursi, atapita nyumbani kwetu kuona hali yetu. Nikiikosa, mjomba ameshanitafutia kazi ya kubeba magunia bandarini. Mgongo wangu haukuumbwa kwa magunia.
Jirani yetu Léon naye ameomba. Baba yake ana kamioneti ya kubebea mizigo. Leo amepita barabarani pekupeku.

Jumanne, 3 Septemba
Sisi ni maskini kweli, ila hatuonekani. Mama anauza ndagala, visamaki vikavu, sokoni, lakini ua wake unang'aa. Nimetoboa pazia. Nimepaka majivu ukutani. Mama amerudi, ameuliza kama nina homa.

Jumatano, 4 Septemba
Nimemweleza Mama mpango wangu. Kosa. Amesema tangu Papa, baba yangu, afariki hakuna mgeni aliyetoka kwake akimhurumia, na hataanza sasa. Akashona pazia. Akaosha ukuta. Jioni akaazima kwa jirani, Mama Rosalie, viti vinne vya kitambaa chekundu, na saa ya ukutani. Akachinja bata wetu wa mwisho.

Alhamisi, 5 Septemba
Papa Évariste amekuja. Amekaa kitini, amekula bata, amesifu. Mama akamwambia tunakula hivi kila siku. Nikakohoa sana. Nikasema nina njaa tangu Jumapili. Papa Évariste akatazama paja la bata mkononi mwangu.
Ghafla akaingia Mama Rosalie. Wageni wake wa Niemba wamefika, hawana pa kukaa. "Papa, unisamehe, simama kidogo. Hiki njo kiti changu."
Viti vikatoka kimoja kimoja. Saa pia. Ukabaki mkeka na pazia lenye viraka. Mama aliinamisha kichwa. Sijawahi kumwona hivyo. Nilisahau hata kukohoa.
Papa Évariste akaketi mkekani, akaomba maji. Akasema mama yake, kule Ankoro, angefanya vilevile.

Jumamosi, 14 Septemba
Bursi nimepata! Léon amekosa, na amechomwa na msumari unyayoni.
Mama anasema Papa Évariste aliuona ukweli wa nyumba yetu. Namwacha aamini hivyo. Mimi najua ni kile kikohozi.
Nasikia Lubumbashi vyumba vya wanafunzi ni vichache, wagonjwa hutangulia. Nimeanza kuchechemea, nizoee mapema. Mama ameuliza ni mguu gani unaouma. Nimemwonyesha wa kushoto. Asubuhi ulikuwa wa kulia.