Mwonjaji wa Divai wa Oldeani

Jumatatu, 6 Agosti 1984

Ukungu tangu alfajiri. Tulipopanga mstari kuitwa majina, meneja wetu, Bwana Eliapenda, alitoa tangazo. Jumamosi ana karamu ya wageni kutoka Dodoma. Watengeneza divai! Wanakuja na chupa zao, tena wanatafuta mwonjaji mmoja wa kuondoka naye, akafanye kazi kwenye ghala lao. Je, kati yetu yupo anayejua mambo ya divai?

Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Wachuma kahawa mia na ishirini, mkono mmoja.

Dodoma ndiko kwetu. Miaka tisa sijaiona. Barua ya mwisho ya mama, aliyomwomba mwalimu amwandikie, inauliza kama bado nina meno.

Nilimwambia meneja kuwa nyumbani nilikuwa mwonjaji miaka sita. Si uongo. Mjomba alipopika pombe ya harusi au ya msiba, mimi ndiye niliyekunywa wa kwanza mbele ya wageni, waone haina sumu. Sikufa. Wala mgeni hakufa. Kazi safi.

Piusi, Mnyaturu ninayekaa naye chumba kimoja, alicheka mpaka akakaa chini. Eti Mgogo anachojua kuonja ni vumbi. Nikamjibu kwamba Mnyaturu hata vumbi halionji, hulimeza tu.

Jumatano, 8 Agosti

Nimehamishiwa jikoni kwa meneja kujiandaa. Jiko ni la Thadei, mpishi kutoka Kibosho, mtu wa aproni nyeupe na dharau. Aliniuliza divai nyekundu hunywewa na nini. Nikasema na wageni. Akaguna.

Kisha akanipa chupa moja nijaribu kuizibua. Kumbe kizibo hakina pa kushika! Nikakisukuma ndani kwa mpini wa mkasi wa kupogolea. Kikaelea. Thadei akapiga kelele kwamba nimeiharibu. Nikamweleza kwa upole kuwa Dodoma kizibo huachwa ndani, ili mgeni aone hakikuibwa. Akaichukua ile chupa, akaiweka mbali nami. Nadhani amejifunza kitu.

Ijumaa, 10 Agosti

Wageni wamefika na Land Rover, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Wako wawili: Bwana Xavery, mkubwa wao, Mgogo kama mimi, na Bwana Luka, Mtaliano, fundi wa mizabibu. Nilimwamkia Bwana Xavery kwa Kigogo, mbukwenyi. Akageuka kama aliyeitwa na nduguye. Akauliza natoka wapi. Nikasema Mvumi. Akasema kesho tutaonana mezani.

Nimeshafunga vitu. Blanketi, sufuria, viatu. Godoro nimemwachia Piusi. Amesema hatalilalia, maana Jumapili nitalidai.

Jumapili, 12 Agosti

Kichwa kinauma. Naandika ya jana kabla watu hawajayatia chumvi.

Mezani walikaa saba: meneja na mkewe Bi Bertha, wageni wawili, padre wa misheni, na Bi Natalia na mumewe, wenye kuendesha hoteli kule ukingoni mwa kreta. Wote wapenzi wa divai. Vicheko hata kabla ya supu.

Nikamimina. Glasi ya kwanza, ya Bi Bertha. Nikanywa funda moja mbele yake, nikafuta ukingo kwa kiganja, nikampa kwa mikono miwili. Meneja alinitazama kama anayeona chulebuni, ule ugonjwa wa kahawa, kwenye mbuni wake mzuri kuliko yote. Padre ndiye aliyeanza kucheka. Nikaendelea, maana desturi haibagui. Glasi saba, mafunda saba.

Ikafika zamu ya divai ya wageni wenyewe. Bwana Luka akainusa, akasema ina mwili. Nikachungulia ndani ya chupa. Hamna kitu. Akavuta funda, akasukutua nalo, akalitema kwenye ndoo! Bwana Xavery naye akatema. Na Bi Natalia!

Kwetu ukitema kinywaji mezani pa mtu, umesema ametia sumu. Nikaona meneja wangu anaaibishwa nyumbani kwake, mbele ya mkewe, naye anatabasamu tu. Sikuvumilia. Nikaichukua ile chupa, nikawaambia watazame vizuri, nikainywa yote. Nikasimama wima waone sijafa. Wakafungua nyingine, wakatema. Nikainywa nayo. Padre akapiga makofi, akasema mwacheni, huyu shahidi wa imani. Bwana Luka alikuwa ameshika kichwa. Ile ya pili ilikuwa imelala miaka kumi, na ilikuwa moja tu.

Bwana Xavery alicheka mpaka machozi. Akawaeleza wenzake desturi yetu yote, nami nikawa naitikia. Halafu akanishika bega, akaniambia kwa Kigogo kwamba mimi mdogo wake nina heshima, ila ghala lake lina mapipa arobaini. Nitakufa.

Nikasema nitajitahidi. Ndipo miguu ikakataa.

Nikiwa sakafuni nikaona Bwana Luka anafungua chupa ya tatu, na kwa kuwa mwonjaji nilikuwa nimelala, akampa Thadei glasi. Thadei, mtu wa mbege, pombe ya ndizi ya kwao, akaonja, akakunja uso, akaitema ndooni. Akasema samahani mabwana, hii ni siki. Bwana Luka akaonja mwenyewe. Kweli ilikuwa imechacha! Akaruka akamkumbatia na aproni yake. Mwonjaji amepatikana.

Jumatatu, 13 Agosti

Thadei ameondoka na Land Rover, analia. Hakuiomba kazi hiyo. Lakini meneja hakuweza kuwakatalia wageni, hasa baada ya ile chupa ya miaka kumi. Thadei aliniuliza kama Dodoma kuna maji. Nikamwambia yapo, huja mara moja kwa mwaka. Nikampa barua ya kumpelekea mama, nikamwelekeza nyumba. Nilitazama gari mpaka ukungu ukalimeza.

Meneja amenipa mistari ya kahawa ya mbali kabisa, ile inayopakana na msitu, wanakopita nyati. Jioni Piusi hakunicheka. Hilo lilinitisha kuliko nyati.

Alhamisi, 16 Agosti

Habari kubwa! Dereva wa lori la mbolea anasema kuna daktari wa mifugo kutoka Dodoma, yuko Loliondo anachanja ng'ombe wa Wamasai. Wiki ijayo atapita hapa akirudi nyumbani. Msaidizi wake amemkimbia, na anatafuta mwingine wa kuondoka naye, mradi awe na uzoefu wa sindano.

Nimempa dereva jina langu alipeleke. Mwaka juzi, nilipougua kichomi, nilidungwa sindano kumi na nne. Tena zote upande mmoja.