Ombi la Kuhamisha Boma Lililojengwa Kwenye Kona

Bujiku Masalu,
Nyuma ya mnada,
Bariadi.

Kwa Baba Mkwe, Mzee Machibya,
Sapiwi.

YAH: BOMA LENU KUZUIA GARI LANGU

Baba mheshimiwa,

Mwangaluka. Natumaini ng'ombe ni wazima, pamoja na yule ndama niliyemgusa kidogo. Mimi mwili ni mzima ila moyoni nina malalamiko, na nimeona niyaandike kwa sababu siku ile nilipokuja kumchukua Nyamizi na mtoto hamkunipa nafasi ya kujieleza. Kila mtu alikuwa anapiga yowe.

Kwanza nieleze habari za gari, maana nasikia mnasema mkwe wenu amerukwa na akili. Kila pikapu ina difu huko nyuma, dude la chuma linalogawa nguvu kwa matairi mawili. Ukikata kona, difu linaliacha tairi la nje likimbie na la ndani lizunguke taratibu. Ni utaratibu mzuri kwa watu wa lami. Lakini ingia na mzigo kwenye tope letu jeusi la mbugani uone. Difu hilohilo linapeleka nguvu zote kwenye tairi linaloteleza, na lile lililokanyaga pagumu linakaa tu kama mgeni wa heshima. Kifaa cha kuzuia upuuzi huo kipo madukani, kwa bei ambayo mtu anaweza kuolea mke wa pili, jambo ambalo sijalifikiria. Nikamwambia fundi Method achomelee meno ya ndani ya difu yawe kitu kimoja, matairi yote mawili yazunguke sawasawa yatake yasitake. Akachomelea, tukamaliza. Tangu hapo sijakwama popote, na naomba hilo mlizingatie mnaposoma yafuatayo.

1. Boma lenu liko kwenye kona. Najua babu alilijenga kabla gari halijafika Sapiwi, na marehemu simlaumu. Lakini ninyi mliobaki mmeyaona magari miaka yote hiyo na hamkusogea. Gari langu sasa linapenda kwenda mbele. Nilizungusha usukani mpaka mabega yakauma, matairi yakalia, nalo likaendelea kuja kwenu. Ua wa minyaa ulilala wenyewe.

2. Mama mkwe alikuwa jikoni. Baba, desturi naijua. Mkwe akikutana na mama mkwe njiani anapisha, anasimama pembeni, hamtazami usoni. Mimi ningepisha. Gari ndilo halipishi. Lilisimama bampa likiwa ndani ya jiko, tukabaki tunatazamana kwenye kioo, yeye na mwiko wake mkononi. Nikafumba macho kwa heshima, na ninyi mkatangazia kijiji kizima kwamba mkwe wenu anaendesha gari huku amelala.

3. Mmenitoza mbuzi wa kufuta aibu. Mbuzi sina shida naye. Ila Method hamkumtoza kitu, na kona nayo mmeiacha hivihivi.

4. Nyamizi. Alikuja kwenu kujifungua kama wanavyofanya mabinti wote, nikakubali, nikala ugali wa kujipikia bila kulalamika. Sasa amejifungua salama na hataki kurudi. Mbele ya wazee wote alisema: "Huyu na gari lake hawajui kupinda. Mtoto wangu hapandi humo." Maneno hayo yaliniuma, baba, siwezi kuficha. Mtoto mwenyewe nimemwona mara moja tu, kupitia kioo chenye matope, wakati shangazi yake anamkimbiza nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo naomba boma lisogezwe upande wa mashariki, kabla mvua hazijazidi. Kama ni kazi kubwa, toboeni ua mbele na nyuma na mligawe zizi katikati, nipite moja kwa moja nitokee kwa jirani yenu Luhaga, ambaye naye ataandikiwa barua yake. Baada ya Luhaga kuna kanisa. Hilo nitaongea na katekista, ni mtu mwelewa.

Na haya yote yakishindikana, basi Nyamizi asimame na mtoto pale barabara inaponyooka, nami nitapunguza mwendo. Kurudi kusiwatie wasiwasi. Nitanyoosha hadi upande wa Mwanhuzi, kwenye mbuga pana, nigeuzie huko. Juzi nilitoka kununua chumvi nikarudi nyumbani kwa njia hiyo, na chumvi ilifika salama.

Nisalimieni mashemeji wote, hata yule aliyenichapa fimbo. Mama mkwe msalimieni kwa mbali. Ndama pia.

Ni mimi mkwe wenu mtiifu, nisiyekwama,
Bujiku

Nyongeza: Barua hii niliimaliza jana. Leo asubuhi ekseli ya nyuma imekatika nikitoka uani kwangu, pakavu, njia imenyooka, hakuna kona wala boma la mtu. Method amesema ni zile kona zote nilizolazimisha siku zilizopita, kila moja ilikuwa inailegeza ekseli. Nimemwambia arudishe difu la kawaida. Kwa hiyo msihame, wala Luhaga msimwambie lolote.

Barua nimeileta mwenyewe kwa miguu na sasa nimekaa hapa nje kwenu. Nasikia kwa watu wa mnadani kwamba mtoto anaitwa Salu. Ni jina zuri, lakini nilitaka nilisikie kwa mama yake. Mwambieni Nyamizi sikuja kumchukua mtu leo. Aniletee mtoto hapa nimbebe kidogo, halafu amrudishe ndani.