Televisheni Pana ya Kaaga

Jumanne, 13 Oktoba 1998
Televisheni imefika. Nimeinunua kwa daktari Mjerumani anayerudi kwao. Pana ajabu, kama dirisha la darasa. Hapa Kaaga wengine wote wana zile za kisanduku. Mke wangu Nkirote ameuliza kwa nini umbo lake si la kawaida. Nimemwambia ndiko dunia inakoelekea. Sijui inaelekea wapi, lakini nimelisema kwa sauti nzito.

Mpango: Jumapili kwaya yetu inachagua mwalimu mpya. Ni mimi au Murungi. Murungi anasoma noti za muziki. Mimi nina skrini. Jumamosi nitawaalika wanakwaya wote kutazama kanda ya video ya tamasha la Embu, tulikoimba. Watakunywa chai yangu, watajiona wakubwa, watanichagua.

Alhamisi, 15 Oktoba
Nimeijaribu kanda. Picha inajaa skrini yote. Shida ni kwamba watu wamenenepa. Hata Murungi, mwembamba kama ufito, anaonekana ameshiba.

Nkirote amesoma kijitabu cha maelezo. Anasema kanda ilirekodiwa kwa umbo la kisanduku, na skrini hii inaivuta kando ili isibaki nafasi. Ameniambia nibonyeze kitufe, nikubali weusi kidogo kushoto na kulia. Nimekataa. Sikununua televisheni pana ili nitazame weusi.

Jumamosi, 17 Oktoba
Wamekuja wote. Viti vimeazimwa hadi kwa jirani.

Mama Gatakaa, kiongozi wa sauti ya kwanza, alikaa mbele kabisa. Huyo akipiga kura, akina mama wote wanamfuata. Wimbo wa kwanza ukaanza, naye akatokea, kutoka ukingo huu hadi ule. Akaweka kikombe chini polepole, akaniuliza kama hivyo ndivyo ninavyomwona.

Nikanyakua rimoti. Nikabonyeza. Mama Gatakaa akarudia umbo lake, lakini picha yote ikakua, juu na chini zikakatwa. Safu ya nyuma ikabaki bila vichwa. Mwenyekiti wetu, Mzee Mbaabu, ambaye ni mrefu kuliko wote, akawa koti na tai tu.

"Kirimi," akasema Mzee, "kichwa changu umekipeleka wapi?"

Nikabonyeza tena, watu wakanenepa tena. Nikabonyeza, vichwa vikaondoka. Murungi alikuwa anatabasamu ndani ya kikombe.

Mwishowe Nkirote akaniondolea rimoti mkononi. Akabonyeza mara moja. Weusi kushoto, weusi kulia, na katikati kila mtu na umbo lake, na kichwa chake. Watu wakapumua. Picha kubwa, safi, hata vifungo vya mashati vinahesabika.

Safi mno. Kando ya bega la Mzee Mbaabu nikaonekana mimi. Wenzangu wamefumba macho, wanaimba wimbo wa maombi. Mimi natafuna. Karanga. Ubeti mzima, karanga, na mkono unarudi mfukoni.

Nikawaambia picha bado ina kasoro, nitairekebisha.

"Usiiguse," akasema Nkirote mbele ya wote. "Sasa ndiyo iko sawa."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Jumapili, 18 Oktoba
Murungi amechaguliwa. Nilipata kura moja, na naijua, kwa sababu niliipiga mwenyewe. Nilimtazama Nkirote, maana naye ni mwanakwaya. Akatazama madhabahu. Mama Gatakaa amenisalimia kwa mbali. Mzee Mbaabu ameniambia niendelee kuja kwaya, ila nije nikiwa nimekula.

Jumatano, 21 Oktoba
Nimewaza siku hizi zote na kosa nimeliona. Si karanga. Si vitufe. Kosa ni kurekodiwa. Mwenye kushika kamera haonekani popote.

Leo nimemwendea Murungi, nikamwambia tamasha la Desemba nitalirekodi mwenyewe. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akashukuru. Hajui kinachokuja. Wataonekana kwa hisani yangu, na mwaka ujao tutapiga kura tena.

Na safari hii hakuna weusi wa pembeni. Ili picha itoke pana, nitailaza kamera ubavu.

Nkirote ameuliza kama wanakwaya nao wataimba wakiwa wamelala. Wivu tu.