Malalamiko Kuhusu Mizani Yenu na Uzito wa Mbwa Wangu Tela

Kwa Daktari Mkuu,
Hospitali ya Wanyama.

Ndugu Daktari Mkuu,

Nakusalimu kwa heshima, ingawa kwa sasa heshima yenyewe nimeishika kwa mkono mmoja. Mimi ni yule mzee wa koti la kijivu mwenye mbwa wa kahawia, tuliokaa benchi la pili kutoka mlangoni Jumatano iliyopita. Kama sura yangu imekutoka, muulize karani wako wa mapokezi. Yeye hawezi kunisahau, kwa sababu nitakazozieleza hapa chini.

Ni vizuri kwanza ujue unaandikiwa na nani. Nimefanya kazi miaka thelathini na moja kwenye mizani ya malori, kupima magari ya mizigo na kuyarudisha yale yaliyozidisha. Madereva waliniita Jiwe, kwanza kwa hasira, baadaye kwa mazoea, na mwishowe hata mke wangu akalizoea jina hilo. Nimeona lori likipanda mizani huku gurudumu moja limeachwa nje makusudi. Nimeambiwa mchanga umelowa mvua, na ilikuwa kiangazi. Nimeambiwa mzigo ni halali ila dereva ndiye ameshiba. Sikudanganyika hata siku moja, wala sikupokea hata punje ya mtu. Kitu pekee nilichotoka nacho kazini ni mtoto wa mbwa aliyekutwa chini ya turubai la tela, hana hati, hana mwenyewe, dereva anaapa hamjui. Nikamwita Tela. Huyo ndiye mgonjwa wenu.

Tela anaumwa goti la mguu wa nyuma. Mlisema hamwezi kumpasua mpaka ashuke kutoka kilo thelathini na nane hadi thelathini na tatu, na kwamba akichelewa goti litaharibika kabisa na atachechemea maisha yake yote. Nilikubali. Mkatupa kikombe cha plastiki chenye mstari mwekundu, chakula kisivuke mstari. Baada ya wiki mbili tukarudi, mkasema thelathini na tisa na nusu. Wiki mbili nyingine, ndiyo Jumatano hiyo, mkasema arobaini na moja. Mbwa anapimiwa chakula kama dawa, halafu anaongezeka kilo tatu kwa mwezi! Hapo lazima kuna mtu amekosea, na kwa kuwa nyumbani kwangu hakuna kosa, nimelazimika kulitafuta kwenu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mizani. Mizani yenu imewekwa karibu na mlango, juu ya vigae, na imetandikwa taulo. Ndugu Daktari, taulo! Sisi tungekuta taulo kwenye mizani tungeifunga barabara. Nililala kifudifudi pale mapokezi nikiwa na pimamaji yangu, kile kijiti cha mafundi chenye kiputo, na yule mama mwenye paka wa mkia uliokatika akalazimika kunyanyua miguu yake ili nipite. Kiputo kilikaa katikati, nakiri, lakini kilisitasita kwanza. Kisha, kabla ya Tela walipimwa mbwa wawili wenye manyoya mengi, na manyoya yao yalibaki pale juu. Muuguzi alibonyeza kitufe namba zikarudi kwenye sifuri. Sina imani na kitufe. Na mwisho kabisa, Tela alikuwa na hofu, akavuta pumzi na hakuitoa mpaka aliposhuka. Hewa yote ile imeandikwa kwenye kadi yake kama mafuta.

2. Swali. Daktari wenu kijana, yule binti wa miwani, aliisoma kadi, kisha akauliza mbele ya benchi zima, "Mzee wangu, huyu nani anamlisha?" Alipouliza hakumtazama mbwa. Alinitazama mimi.

Swali hilo nimeliuliza miaka thelathini na moja, ila mimi nilisema "nani alipakia?", kwa hiyo najua linamaanisha nini. Mama wa paka alijifanya anatafuta kitu mkobani. Hata kasuku wa dirishani, ambaye tangu asubuhi alikuwa anatukana kila anayeingia, alinyamaza asikie jibu langu.

Hata hivyo mimi si mtu wa kukataa uchunguzi. Nilipofika nyumbani niliita kikao jikoni nikachukua maelezo. Mke wangu alieleza kwamba anampa kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni, mpaka kwenye mstari, na kwamba nikimuuliza tena kikombe hicho nitakivaa kichwani. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye na ambaye husema kila siku "mimi na mbwa wapi na wapi", alieleza kwamba hamlishi, ila mikono yake siku hizi inatetemeka, na kinachoanguka kimeanguka. Nimemwona mama mkwe akitunga uzi kwenye sindano bila miwani. Nilimwomba kwa adabu ahamie upande wa pili wa meza, mbali na mbwa. Akahama. Mbwa naye akahama.

Wawili hao niliwachunguza kikamilifu. Mtu wa tatu kwenye nyumba hiyo ni mimi, na mkaguzi hajikagui.

3. Chakula chenyewe. Zile kokoto mlizotupatia hazina harufu, hazina ladha (nimeonja), na zikidondoka sakafuni zinalia kama vifungo vya shati. Tela huzitazama, kisha hunitazama mimi, kisha huzila moja moja kwa uso wa mtu anayesaini barua ya kuachishwa kazi. Mbwa huyu sasa ana huzuni. Na huzuni, Ndugu Daktari, ina uzito. Muulize yeyote aliyewahi kuwa nayo kama aliweza kuamka kitandani upesi. Basi hesabu ni nyepesi: mmempunguzia chakula, akapata huzuni, huzuni ikaingia mwilini, mwili ukaongezeka, nanyi mkampunguzia tena. Mkiendelea hivi, siku mtakayomnyima chakula kabisa atavunja mizani.

Naongeza kwamba tuliketi kwenye benchi kwa muda wa saa mbili na nusu, na muda wote huo karani wenu alikuwa anakula mkate wa kukaanga nyuma ya dirisha. Mimi sijui sayansi inasemaje juu ya harufu. Najua tu kwamba Tela aliivuta yote.

4. Kulazwa. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mmeandika kwamba kwa kuwa "nyumbani usimamizi umeshindikana", Tela alazwe kwenu kuanzia Jumatatu ijayo, wiki nne, ale mbele ya macho yenu. Usimamizi umeshindikana! Nyumbani kwa Jiwe!

Naomba nikueleze jinsi siku inavyokwenda kwetu, halafu uamue mwenyewe. Nilipokuwa kazini nilikuwa nafika nyumbani saa kumi na moja na dakika kumi jioni. Tela alikuwa getini. Mvua, jua, mke wangu amekasirika, umeme umekatika, yeye yuko getini, mkia unapiga bati. Nilistaafu mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita. Siku ya kwanza ya kustaafu nilishinda nyumbani tangu asubuhi, lakini ilipofika saa kumi na moja na dakika kumi Tela aliinuka miguuni pangu, akaniacha hapo nilipo, akaenda getini kunisubiri.

Nilimwita, akageuka akanitazama, akarudisha macho barabarani. Sikuwa mimi aliyekuwa anamsubiri. Alikuwa anamsubiri yule mwenye kazi.

Basi tangu siku ile, ikifika saa kumi na moja na dakika tano, navaa koti langu la kazini, natoka kwa mlango wa nyuma, nazunguka nyumba ya jirani, na dakika tano baadaye naingia getini kama mtu anayetoka kazini. Jirani amezoea, siku hizi ananipa pole ya kazi. Mke wangu anasema nimezeeka vibaya. Mimi nasema hakuna mtu mwingine aliyebaki duniani anayefurahi kwamba nimefika. Sisemi haya ili unionee huruma. Nasema ili ujue kwamba mkimlaza Tela wiki nne, kuna mzee atakayezunguka nyumba ya jirani na kuingia kwenye geti tupu. Na muda wenu wa kutazama wagonjwa unaisha saa kumi na moja kamili. Dakika kumi kabla! Kama si makusudi, ni nini?

Kwa hiyo, nikiwa na akili zangu timamu, naomba yafuatayo yatekelezwe kabla ya Jumatatu: mizani yenu ikaguliwe na mtu asiye wa hospitali (mimi nina nafasi), kilo tatu za mwezi huu zifutwe kwenye kadi, moja kwa ajili ya manyoya ya mbwa wa watu, moja kwa ajili ya pumzi na moja kwa ajili ya huzuni, daktari wa miwani aniombe radhi mbele ya benchi lilelile, kasuku akiwepo, na amri ya kulazwa itenguliwe. Nimelinda barabara za watu zisivunjwe na mizigo miaka thelathini na moja. Siwezi kuambiwa leo, uzeeni, kwamba nimeshindwa kulinda bakuli moja.

Nifikishie salamu zangu kwa muuguzi wa mizani, sina ugomvi naye, anabonyeza anachoambiwa abonyeze. Msalimie karani, na umwambie afunge dirisha anapokula. Mama wa paka msalimie sana, nasikitika kwa usumbufu wa miguu yake. Kasuku pia, ingawa hanisalimii. Mke wangu anawasalimu. Mama mkwe anasema yeye na hospitali ya mbwa wapi na wapi, ila anawasalimu.

Nabaki, kwa uchungu na kwa adabu,

Mpima Mizani Mstaafu (Jiwe),
mwenye Tela.

Nyongeza. Nilikuwa nimeshabandika bahasha nikaona barua ya mtu wa mizani isiende bila ushahidi. Jana nilimpeleka Tela kwa mwenye duka la nafaka, ambaye mizani yake ya magunia niliirekebisha kwa mikono yangu mwenyewe. Haina taulo, haina kitufe. Tulimpandisha mbele ya wateja niliowaita washuhudie, na Tela akatoa pumzi yote vizuri. Kilo arobaini na moja na gramu mia saba. Mizani yenu, Ndugu Daktari, ilikuwa inatuonea huruma.

Mwenye duka alikuna kichwa, akasema, "Jiwe, huyu nani anamlisha?" Nilikuwa nimeanza kumweleza habari za huzuni. Tela, ambaye tangu utotoni hajui kuficha kitu, alishuka kwenye mizani, akaja moja kwa moja kwangu, akaingiza pua yote kwenye mfuko wa kulia wa koti langu. Kulikuwa na vipande viwili vya mkate wenye siagi. Ilikuwa karibu saa kumi na moja.

Nieleze basi. Mtu anayetoka kazini haingii nyumbani mikono mitupu. Mimi daktari wangu alinikataza mkate na siagi mwezi uleule niliostaafu, na kila asubuhi mke wangu ananikatia vipande viwili kwa kusahau, kisha anakumbuka, na mimi namwambia aviache tu. Nikaona visiharibike. Ni vipande viwili tu, na siku ya mvua vitatu, na tangu mlete kikombe, nikimwona ana huzuni, vinne. Nilikuwa sivihesabu kama chakula. Nilivihesabu kama salamu. Lakini jana usiku nilikaa mezani na penseli nikavipigia hesabu kwa mwaka mmoja na miezi miwili, nikaona nimempakia mnyama wangu mwenyewe mzigo ambao goti lake halikuweza kuubeba, huku nalaumu vigae vyenu. Nyani haoni kundule. Naliomba radhi benchi zima, na binti wa miwani kabla ya wote. Alimtazama mtu aliyepaswa kutazamwa.

Jumatatu nitamleta Tela, alazwe. Naomba jambo moja tu. Muda wa kutazama wagonjwa usogezwe, kwa ajili yangu peke yangu, mpaka saa kumi na moja na dakika kumi jioni, niingie getini kwenu wakati wake, anione nimefika. Mniwekee mlinzi. Anipekue koti, mfuko wa kulia na wa kushoto, na bitana pia. Kila dereva niliyemkamata aliniambia maneno yaleyale, "ni kidogo tu, mzee." Na mimi nikiyasema, msinisikilize.